Mkono wa Baba na Neno la Redioni

Karakana ya Bati,
Chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi dada yako. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kilikuacha au ndiyo mmeshaoana? Na lile jino, uling'oa au bado unatafunia upande mmoja? Unalala pazuri? Nijibu maswali haya moja moja, usiyaruke kama ulivyozoea.

Sisi huku wazima, kwa kiasi chake. Mimi nina afya, magoti tu ndiyo yanalalamika nikiinama kukunja bati. Kitinda wetu, mwisho wa tumbo la mama, anaendelea vizuri, sasa hivi anakula. Mumewe fundi bomba ana nyuzi kwenye nyusi lakini macho yote mawili yanaona. Baba naye ni mzima, ila mkono wake wa kulia umevunjika.

Nimeuvunja mimi.

Usiruke. Kaa chini, kunywa maji, ndipo uendelee kusoma. Nilijua mtu atakuandikia kabla yangu, maana mtaa huu una midomo kuliko milango, na sikutaka uzipate habari hizi kwa mtu mwingine. Nimemvunja baba yetu mzazi mkono kwa ile nyundo ya mbao ya kusawazishia bati. Nitakueleza yote. Lakini kwanza tuongee habari zako, kwa sababu barua hii ni ya kukutoa wewe huko uliko, si ya kujisafisha mimi.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Umeandika kwamba kibarua kimesimama kidogo kutokana na ukata, na kwamba ukata wa huko ni wa muda tu, hali itatengemaa. Neno hilo ukata, mara mbili katika ukurasa mmoja! Nilipoliona mara ya pili niliiweka barua chini nikatukana, tena tusi la kushiba, mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia dirishani kuuliza kama nimejikata. Unamdanganya nani, Kijiti? Mimi nimekubeba mgongoni. Huna chakula. Na huji nyumbani kwa sababu Baba alikuambia siku unaondoka kwamba ukirudi, urudi mtu.

Sheria ya nyumba yetu unaijua, lakini acha niipitie, maana hasira zangu zinaanzia hapo. Kwetu neno maskini lilikuwa halitamkwi. Ungeweza kuvunja sahani, Baba akakukaripia tu yakaisha. Lakini ukisema sisi maskini, unakula kofi kabla hujamaliza sentensi. Mimi nilimwambia fundi cherehani kwamba sisi maskini hatuwezi kushona sare mpya, kumbe Baba yuko nyuma yangu. Alinizaba kofi, sikio likapiga filimbi mpaka jioni. Wewe ulitandikwa mkanda kwa kuliandika kwenye insha. Ukaenda kujificha ndani ya pipa alilokuwa analitengeneza, naye akaligonga pipa kwa nyundo wewe ukiwa ndani. Mwalimu mkuu wa watu alikuja karakanani kwa wema wake kusema kwamba watoto wa familia maskini watapewa madaftari ya bure. Baba akamfukuza na kipande cha bati mkononi, mwalimu akaacha kiatu. Madaftari hatukupata. Kiatu tulikirudisha.

Na tulikuwa maskini, Kijiti. Acha niandike kwa mkono wangu. Tulikuwa maskini wa kutupwa, tunatengeneza majiko ya watu na sisi wenyewe hatuna cha kuinjika.

Mama, Mungu amlaze pema, ndiye aliyetupatia njia ya kupumua. Baba hakuwa anakosa taarifa ya michezo redioni, na timu yake kila mwaka ilikuwa inakabiliwa na ukata: wachezaji hawajalipwa, basi limekamatwa, kocha kakimbia. Jioni moja Mama aliweka sufuria mezani, ndani mna maji, chumvi na majani ya kuhesabika, akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Baba watoto, nyumba hii inakabiliwa na ukata." Mkono wa Baba ulishapanda. Ukasimama hewani. Akauliza, "Kama timu?" Mama akajibu, "Kama timu." Baba akacheka, akashusha mkono, akala.

Tangu siku hiyo ndio ukawa wimbo wetu. Kalamu ina ukata wa wino. Mchuzi unakabiliwa na ukata wa nyama. Wewe mwenyewe, kichaa wewe, ulimwambia Baba kwamba suruali yako ina ukata wa makalio, akacheka mpaka akakohoa, na suruali hakununua. Watoto wa mtaa walituita Taarifa ya Habari. Sisi tulijiona wajanja kweli, tumepata neno ambalo halipigwi.

Kumbe neno ambalo halipigwi pia halisikiki. Hilo ndilo lililotuponza.

Sasa nije kwa Kitinda. Mumewe, shemeji yetu, alianguka ngazini akifunga tangi la maji kwenye jengo la watu, nyonga ikateguka, na aliyempa kazi akamwambia akauguzwe kwao. Tangu hapo Kitinda akawa anakuja karakanani kila mara, anakaa kwenye stuli, anamwambia Baba, "Tuna ukata kidogo, Baba." Baba anajibu, "Utapita, mwanangu, hata timu hupita," kisha anaendelea kugonga bati. Anamwambia tena siku nyingine, anajibiwa vile vile. Anaondoka anacheka, anajikaza kisabuni, na mimi naona mtu amekuja kutusalimia.

Jumanne moja asubuhi alikuwa ananishikia bati ninalokata. Nikasikia bati linatetemeka. Nikamwambia shika vizuri we mtoto, utanikata vidole. Kutazama, macho yamemgeuka, akaenda chini mzima mzima. Nilipomnyanyua nilishtuka, Kijiti. Alikuwa mwepesi kama ndoo tupu. Mdada mzima yule! Fundi cherehani akakimbilia chai yake ya sukari, tukawa tunamnywesha kijiko kijiko, na Baba amesimama juu yetu anasema ni jua hilo, ni jua, na ndani ya karakana jua linatoka wapi?

Shemeji akafika, anachechemea, kaitwa na watu. Akamwona mkewe sakafuni. Kitinda alikuwa amemwonya tangu uchumba wao kwamba kwa Baba neno fulani halisemwi, na shemeji miaka yote kalikwepa. Siku ile hakulikwepa. Wala hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, mwanao ana njaa. Hajala tangu juzi. Sisi ni maskini, mzee, tusaidie."

Baba akamjia. Alimtia ngumi ya mdomo.

Shemeji akayumba, akajishika kwenye rafu, na rafu yote ikamshukia, ndoo, karai, majiko, makelele ya kuamsha wafu. Alipoinuka damu inamchuruzika kidevuni, Baba akamtandika ndoo ya kumwagilia maua kwenye nyusi, ikapasuka nyama mpaka nikaona cheupe. Sasa shemeji si mtoto wa Baba. Sisi tulipigwa tukainamisha vichwa. Yeye alirudisha. Alimwingia Baba kwa kichwa tumboni, wakaenda chini wote wawili juu ya mabati niliyotoka kuyakata, na unaujua ukingo wa bati bichi, linakupasua kabla hujalihisi. Wakainuka viwiko vimechanika, wakaendelea.

Waliumizana kimya kimya. Hicho ndicho kilichonitisha. Hakuna aliyetukana, zilikuwa pumzi tu na mabati yanayolia chini ya miguu. Baba ana miaka mingapi? Lakini ana mikono ya mtu aliyegonga chuma tangu hajaota ndevu, na kila ngumi ilikuwa inashuka kwa hesabu kama anasawazisha paa. Fundi cherehani alikuwa mlangoni na mkasi wake wa kitambaa, anapiga yowe la kuita wanaume, wanaume wakaja, wakasimama barabarani wanatazama. Ndio wanaume wa siku hizi hao. Mimi nilimtandika shemeji ndoo ya mgongo ili amwachie Baba shingo. Ndiyo, shemeji. Damu ni damu, na hadi hapo nilikuwa upande wa Baba.

Ndipo Kitinda akasimama.

Sijui nguvu alizitoa wapi. Alijipenyeza katikati yao, akamwambia Baba usoni, "Sisi maskini." Baba akamzaba kofi. Akaanguka, akainuka. "Maskini, Baba." Akampiga tena, mdomo ukapasuka. Shemeji alitaka kuja, mguu ukamkatalia, akawa anatambaa juu ya mabati. Kitinda akainuka kwa kushika mguu wa meza, akatema damu pembeni, adabu haijamtoka hata hapo, akasema polepole kama anamfundisha mtoto mdogo kuongea, "Maskini. Nina njaa, Baba." Na Baba akamkamata nywele kwa mkono wa kushoto, wa kulia akaukunja ngumi.

Ngumi, Kijiti. Kwa Kitinda.

Nyundo ilikuwa juu ya kile kipande cha reli tunachogongea. Sikufikiri. Ningefikiri ningemshika tu. Nilimpiga chini ya kiwiko kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu unazijua. Mfupa ulilia kama fito kavu. Baba alimwachia Kitinda, akanitazama, akarudi nyuma mpaka kwenye stuli, akakaa, akaupakata mkono wake kama anashikilia mzigo wa mtu mwingine.

Ukinisubiri niseme najuta, utasubiri sana. Ninalia asubuhi nikimfunga vifungo vya shati, hilo ndiyo, na huwa nageuza uso asione. Lakini saa ile ikirudi, nyundo naichukua tena.

Hospitali tulikwenda wote kwenye gari moja la kukodi, waliopigana na waliopiganiwa, tumebanana. Daktari akamuuliza Baba imekuwaje, Baba akasema ameangukiwa na bati. Akamuuliza shemeji, naye akasema ameangukiwa na bati. Akamtazama Kitinda mdomo ulivyovimba, Kitinda akasema bati. Daktari akasema hilo bati lingefaa kufungwa jela. Nilicheka peke yangu, wauguzi wakaniona mwendawazimu.

Mtaani wanasema nimejitafutia laana. Mwanamke mmoja niliyemtengenezea jiko kaja kulirudisha, eti hawezi kupikia jiko la mikono iliyompiga mzazi. Nimemwambia laana zipange foleni, kwanza nimalize kazi za watu. Lakini usiku wa kwanza sikulala, nisikufiche. Niliwaza kama Mama angekuwepo angesema nini. Nadhani angenipiga mimi, kisha angempiga Baba, kisha angepika.

Kitinda na mumewe wamehamia chumba cha nyuma, hiki ninachoandikia. Shemeji ndiye anayeshika nyundo za Baba sasa. Mtu wa mabomba huyo, bati halimjui, anakunja ukingo unakuwa kama sikio la mbuzi. Baba anakaa kwenye stuli na plasta yake anamfokea kuanzia asubuhi. Hajabadilika, sitaki kukudanganya. Juzi kamtupia kikombe. Shemeji akakidaka, akaenda kukijaza chai, akakirudisha, na hakuna aliyesema asante wala samahani. Lakini chungu kinainjikwa kila siku, na kila mtu anapata sahani yake. Kitinda anamlisha Baba kwa kijiko kwa sababu mkono wa kushoto wa Baba ni mzembe. Siku za mwanzo alikuwa anamlisha bila kumtazama. Siku hizi anamtazama.

Basi barua yako ikafika. Nilipokwisha kuisoma peke yangu na kutukana, nikamsomea Baba kwa sauti kama kawaida, salamu zote, habari za mvua za huko, zote. Nilipofika kwenye ukata wa kwanza, kijiko cha Kitinda kikasimama. Nilipofika kwenye wa pili akakiweka chini kabisa, akasema, "Dada, Kijiti hana chakula."

Baba akageuka. "Kasema wapi?"

Nikamwambia, "Si hapo, Baba. Kasema mara mbili. Na kwenye barua ya kabla ya hii, na ya kabla ya hiyo. Kitinda naye alikuwa anakwambia kwa kinywa chake, hapo hapo ulipokaa. Na Mama alikwambia mpaka anakufa."

Kitinda akamfuta mdomo, nadhani ili apate cha kufanya. Kisha Baba akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi nilidhani ni salamu tu."

Kijiti, nilikuwa na matusi ya miaka yamejipanga ulimini, na nilikuwa nimeyapalilia vizuri. Yote yalinikwama. Miaka yote ile tunamlilia, naye anaitikia utapita, utapita, kama mtu anayeitikia hujambo. Nilitaka kumpiga tena na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sikujua nianze na lipi, nikaenda kugonga bati.

Jioni akaniita. Akasema, "Mwandikie aje." Nikamwambia hawezi kuja, anaogopa utampiga akirudi mikono mitupu. Baba akautazama mkono wake ndani ya plasta. Akauliza, "Kwa huu?" Nikamwambia huo utapona, Baba. Shemeji akaacha kugonga, hata fundi cherehani upande wa pili cherehani yake ikanyamaza, mbea yule.

Baba akasema, "Basi na aje kabla haujapona."

Hiyo ndiyo ahadi aliyo nayo baba yako, mdogo wangu, na mimi naiamini kuliko zote alizowahi kutoa. Hakusema hatakupiga. Amesema uje wakati hawezi. Njoo. Plasta haikai milele. Njoo na nguo ulizovaa, na ukithubutu kupita dukani kununua zawadi za kutuzugia nitakupiga nazo mimi. Tutakuwa maskini wote pamoja, sufuria moja, na shemeji atakuonyesha jinsi ya kukunja ukingo vibaya. Ukikosa nauli, andika sina nauli. Ukiwa na njaa, andika nina njaa. Maneno ya redioni waachie wenye redio, maana nyumba hii imeanza kusikia juzi tu na bado ina masikio ya kitoto.

Kitinda anakusalimu sana, anasema mdomo umepona ila bado hawezi kupiga mluzi. Shemeji anakusalimu, anasema unisamehe ile ndoo ya mgongoni, yeye ameshanisamehe. Fundi cherehani anakusalimu, tena anataka vipimo vyako vya suruali, usiniulize kwa nini. Baba hakutuma salamu. Amesema salamu zake utazikuta hapa.

Mungu akufungulie njia, akulinde na baridi ya huko, na akuzibe mdomo kila unapotaka kusema sijambo na wewe unaumwa.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye mkono mzito kama wa baba yetu.